Gunia ya Matundu Mawili

Mpendwa dada,

Nilikuwa tayari ndani ya gunia, nimepiga magoti nyuma ya nyumba ya kuku, wakati wewe uliwaambia watoto wanyamaze fisi anakuja. Nilisikia Kendi wako akiuliza, "Ni fisi ya kweli ama ni mjomba?" Ukamwambia, "Ni mjomba. Lakini wewe ogopa kidogo, ndio afurahi." Watu wakacheka. Hata yule homgadi wa zamu, askari wa serikali wa kulinda kijiji, alicheka, na muwa mdomoni.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiwafundisha, na mimi nilikuwa nikiangalia kila siku tukitoka kuchimba ule mtaro wa lazima. Hao watoto hawajawahi kuona mchezo. Ulisema mtoto aone mtu kwanza, halafu aone fisi, ndio asilie usiku. Kwa hivyo siku ya mazoezi uliwaacha wanishike masikio yangu ya majani ya ndizi, wanivute mkia. Yule mdogo kabisa alinitemea mate. Ukasema, "Huyo ameshaelewa kazi."

Sasa nataka kukuambia kitu ambacho sijakuambia.

Wewe ulisema nikate gunia tundu moja kubwa, uso wangu wote uonekane. Mimi nikaona haya. Watu wote wa kijiji, akina mama wote, waniangalie usoni nikilia kama fisi? Nikachukua kisu nikatoboa matundu mawili madogo, ya macho tu. Hukuiona mpaka nilipotokea.

Nilitoka nikitingisha kichwa. Mimi nilikuwa najua natingisha kichwa ya fisi. Lakini tangu aletwe hapa Kianjai yule mtu aliyefunikwa gunia, macho tu nje, kuonyesha waliokula kiapo cha watu wa msituni, tukapangwa mstari mbele yake, na kila aliyetingishiwa kichwa akapandishwa lori, nani ataona gunia ya matundu mawili afikirie fisi? Niliona kwa hayo matundu. Akina mama waliinamisha nyuso wote pamoja. Kicheko ikakatika. Na yule nyanya aliyekaa mbele, jina lake siandiki, unalijua, akainua mikono.

"Usinitingishie kichwa, mwanangu. Nilikula kiapo mara moja tu. Walinisukuma."

Homgadi akatema muwa. "Mama, umesema nini?"

Ningevua gunia hapo hapo, dada. Mikono ilikataa. Ni wewe uliyesimama katikati yao.

"Hayo ni maneno ya mchezo," ukasema. "Mimi ndiye nilimfundisha aseme hivyo."

"Mchezo ya fisi iko na kiapo?"

"Fisi wetu ni mlafi. Hakuna kitu anaacha, hata kiapo anakula."

Watoto peke yao walicheka. Homgadi akasema, "Basi twende ukaeleze wakubwa huo mchezo wako." Ukamwambia Kendi amalizie uji, ukaenda. Hukuniangalia. Mpaka leo sijui kama hukuniangalia kwa hasira ama ni kwa sababu ulitaka nisijulikane.

Nyanya yuko hai. Kila asubuhi analetea Kendi kiazi moja ya moto, anaiweka mlangoni, anaenda.

Watoto walikaa muda mrefu bila mchezo. Halafu juzi nikawakuta nyuma ya nyumba ya kuku, wamepangana wenyewe. Nikauliza, "Mnacheza fisi?" Kendi akasema, "Fisi tumeacha. Tunacheza mama anarudi." Alikuwa amechagua msichana wa jirani awe wewe, lakini alikuwa anamgombeza. "Si hivyo. Mama hatembei hivyo." Msichana akamuuliza, "Basi anatembea aje?" Kendi akajaribu hatua mbili. Hakuwa anakumbuka. Akanigeukia mimi.

Dada, mimi naangalia watu, unajua, kwa sababu mimi si mtu wa kuongea. Nikatembea kama wewe. Mguu wa kushoto ukitangulia, bega moja chini, mkono ukishika kiuno kama mtu ana haraka na hataki ijulikane. Akina mama waliokuwa kwa maji wakasimama kuangalia, na uso wangu ulikuwa wazi kabisa. Hakuna mtu alicheka. Kendi akaja akanishika nguo, akaniita mama, na sikujua mchezo unaishia wapi.

Wewe ungejua. Ndio maana nataka urudi, si kwa sababu ya kupika wala kulima. Mimi nimeweza kuanza tu.

Nimeandika haya kwa sababu nikikuona sitasema kitu, nitakupa karatasi. Wanasema leo lori ya wanawake waliofunguliwa kutoka kizuizini itawashusha Embu. Majina hawasomi, mtu anaenda kuangalia mwenyewe. Nimeenda mara mbili, nimeangalia kila mmoja akishuka. Pasi yangu ya kutoka kijijini ni ya siku mbili, na yule Mwislamu wa Majengo anayebeba ngozi ameshawasha gari, anasema hangojei mtu anayeandika. Wacha niende, usije ukashuka ukakosa mtu.

Ndugu yako mdogo