Salamu Niliyotoa juu ya Toleka

Papa Neema mupenzi,

Unaamuka aje huko Butembo, wewe mwenye kukata kona na pikipiki bila kuonya mutu? Huku Kisangani haungemaliza hata siku moja.

Karibu na soko wamechora njia ya baiskeli peke yake, na mwisho wake parkingi ya kuzisimamisha. Leo nikapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, nikakaa nyuma na samaki yangu ya chumvi juu ya magoti. Toleka haina taa ya kona. Kazi hiyo iko ya abiria: mukigeuka, wewe ndiye unanyoosha mukono. Nani aliniambia? Hakuna. Alors, nikaona mama wa kwetu anauza viazi, nikanyoosha mukono wote kumusalimia.

Kumbe! Toleka ya nyuma yetu ikazani tunageuka, ikasimama ghafula, na ingine ikaigonga. Maman mumoja akaruka chini akikumbatia mayai yake. Hakuna aliyeumia, na mayai ikapona. Lakini walinitukana kwa Lingala mpaka nikashukuru Mungu kwamba siijue.

Dereva wangu akageuka pole: "Mama, ndani ya njia hii mukono haiko ya salamu. Iko ya uzima."

Bon. Siku utanipokea, ukiona nimefunga mikono kama mutu anaenda komunyo, usiseme mapenzi imeisha. Simamisha pikipiki kwanza, zima moteri, ndipo nitakukumbatia.

Ni mimi, taa yako ya kona,
Mama Neema