Asiyepimika ni Mzigo

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri nikipanda ngazi. Wewe je, na kile kikohozi?

Kitabu ulichokitafsiri kimefika. Mambo ya uchumi sijawahi kuyasoma nikayaelewa, lakini hiki nakisoma kama barua yako. Na sikia ajabu: meneja wetu mpya naye anacho! Amewanunulia wasimamizi wote wa kiwanda, kila mmoja na nakala yake. Nikamwonyesha jina la mfasiri. "Huyu nimemlea mimi." Akanipa mkono mbele ya watu.

Baba yako mdogo, Fundi Sikio, anakusalimu. Anasema uchumi anaujua: ni kumnunulia mtoto viatu vikubwa ili akue navyo. Bado anazunguka ukumbi ninaousimamia kutwa, kichwa ameinamisha kwenye mashine za kufumia, akisikia hitilafu kabla haijatokea. Nilimwazima kitabu. Amekirudisha na alama ya grisi ukurasa wa tatu. Nadhani hakuvuka hapo.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimeniacha. Kwa habari ya viatu nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Kitabu kimetuzidi nguvu. Redioni wanakijadili, wahadhiri wanakinukuu, kinyozi wa hapa chini amebandika sentensi zake kwenye kioo. Nami nilikaa nacho miezi minane kwenye meza hii yenye mguu mfupi nikidhani watakisoma wanafunzi wachache. Mwandishi wake anajua kusimulia, na hapo ndipo penye hatari: ukimaliza unajiona umeielewa dunia. Kisome polepole, Baba. Msalimie sana baba mdogo.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Huku tunakwenda.

Meneja ameleta fomu. Kila mtu anaandika alichofanya siku hiyo, ili kipimike. Kwa mafundi ni idadi ya mashine walizotengeneza. Mwezi uliopita fundi wa ukumbi wa pili alitengeneza thelathini na moja. Sikio, nne. Nikamweleza meneja kwamba kwa Sikio mashine haziharibiki, ndiyo maana hana za kutengeneza. Akaniuliza, "Hizo zisizoharibika zimeandikwa wapi?" Nikaipindua fomu; nafasi ya kuziandika haimo.

Langoni ameandikisha maneno ya kitabu kwa rangi nyekundu: ASIYEPIMIKA NI MZIGO. Ukurasa wa tisini. Tunapita chini yake asubuhi na jioni. Mwanangu, maneno hayo ni ya mwandishi au ni yako?

Baba yako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia.

Sitazunguka. Mwandishi alisema kwamba kazi isiyopimika hatujui gharama yake. Basi. Yeye alitaja kazi. Mtu nimemwingiza mimi, na mzigo pia ni wangu. Niliona sentensi imelala, nikaiamsha. Mhariri akaipigia mstari, akaandika pembeni: safi sana. Nilifurahi siku nzima.

Mwonyeshe meneja barua hii. Tafadhali, Baba. Siku tuliyomzika mama, wewe hukuweza kusimama. Baba mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni hadi nyumbani.

Binti yako

20 Juni

Baba,

Shikamoo. Inakaribia wiki sita. Unaumwa? Barua yangu ilifika? Hata neno moja litanitosha.

Binti yako

8 Julai

Mwanangu,

Salamu. Afya ipo.

Barua yako ilifika Jumanne, mwisho wa Mei. Ijumaa yake wakaniletea orodha ya watakaopunguzwa, jina la Sikio likiwa juu. Barua nilikuwa nayo kwenye mfuko wa shati. Nikaitoa, nikamwambia meneja, "Mfasiri mwenyewe anasema amekosea." Hakuifungua. Akasema, "Basi amekosea vizuri. Weka sahihi, mzee, wengine wanasubiri."

Nikaweka. Nikangoja uchungu uje. Haukuja. Nikaenda kunywa chai, nikaimaliza, nikarudi ukumbini.

Sikio alifunga spana zake kwenye kitambaa, akazunguka mashine zote mara moja, akatoka. Hakuuliza nani ametia sahihi.

Tangu hapo mashine zinakwama kila siku. Fundi aliyeletwa ametengeneza arobaini na saba mwezi Juni peke yake. Wamempa cheti. Nilipiga makofi na wenzangu.

Baba yako

30 Julai

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi nakula, nalala, nafanya kazi. Sijui kama huo ndio uzima.

Sina uso wa kukulaumu. Nilikwenda kwa mhariri, nikamwomba toleo la pili lirekebishwe. Akasema sentensi ile sasa ni mali ya watu, tukiigusa watadhani wameuziwa kitabu bandia. Kisha akanisogezea kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, mkataba ukiwa ndani. Upo hapa mezani. Naupangusa vumbi, naurudisha.

Umeshamwona baba mdogo?

Binti yako

15 Septemba

Mwanangu,

Pokea salamu zangu. Nimechelewa kwa sababu sikuwa na cha kuandika.

Jumapili nilikwenda kwa Sikio. Siku hizi anatengeneza cherehani za watu barazani kwake. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeweka sahihi."

"Najua. Mwandiko wako naujua."

"Ningeweza kukataa."

"Ungekataa, wangemwita mwingine aweke." Alisema bila hasira, macho yakiwa kwenye sindano.

Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kiti cha wageni. Akakifuta kwa kitambaa, upande huu na upande ule. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba ile kama mtu wa nyumbani, bila kungoja kukaribishwa.

"Karibu ukae, Bwana Msimamizi," akasema.

Nikakaa. Tukazungumza habari za mvua. Chai ilipokwisha nikaaga, akanisindikiza hadi barabarani kama inavyompasa mwenyeji.

Kitabu cha pili kichukue ukitaka. Kazi ni kazi. Ila nakala yangu usiitume.

Baba yako