Chai ya Mgeni wa Mkoa

Jumatatu, 14 Oktoba 2019

Bwana Sagynbek wa idara ya afya ya mkoa anakuja Ijumaa, tena hapa kwetu, maana baba mkwe ndiye mwenyekiti wa kijiji. Eti safari hii wananchi wachague wenyewe shida ipi ya afya ipewe fedha kwanza! Kila mtu atapewa maharage matatu, aweke kwenye picha ya shida anayoitaka. Nimefurahi mpaka nikajisahau, nikamjazia jirani bakuli la chai karibu na ukingo. Mama mkwe akanirukia: We Burulai, unamfukuza mgeni? Haya, bakuli likijaa ni kumwambia anywe aende zake; nusu bakuli, nusu bakuli. Tangu niolewe nafundishwa chai!

Maharage yangu yote nayaweka kwenye chumba cha kujifungulia. Kile cha hapa kijijini walikifunga. Januari iliyopita Meerim, mke wa shemeji yangu, akazalia ndani ya lori, huko mlimani, theluji imeziba njia. Mtoto hakulia. Mimi nitajifungua Februari.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimekanda unga mpaka mabega yanawaka. Ulan ananibembeleza: mke wangu, mbele ya wazee nyamaza, nitakusemea. Atanisemea! Mume wangu huyu, mbele ya baba yake hata kukohoa anaomba ruhusa.

Ijumaa, 18 Oktoba — jikoni

Naandika haraka. Kwa hasira, si kwa woga.

Maharage wamegawiwa wale tu waliokaa kwenye chakula. Na nani amekaa? Wanaume, na mama mkwe pembeni. Sisi wakaza mwana tunazunguka na birika. Anayemimina chai hakai, na asiyekaa hana harage. Basi picha ya magoti ya wazee imeshinda — watajengewa bafu la maji ya moto! Ulan naye kaweka yake kwenye magoti. Magoti ya nani, ana miaka ishirini na sita! Chumba cha kujifungulia kimepata harage moja. Sijui la nani.

Bwana Sagynbek akakunja karatasi zake. Vizuri, akasema, wananchi wamesema.

Wananchi!

Nikainama nimmiminie. Nusu. Sikuacha. Nikamimina mpaka chai ikasimama ukingoni. Mzee mmoja akavuta astaghfirullah. Nikamwambia mgeni: kunywa, baba, uende zako. Au kaa, utuhesabu na sisi.

Baba mkwe akaninyooshea kidole. Toka!

Nimetoka. Radhi siombi, ng'o!

Meerim kaegemea jiko, analia, anacheka, simwelewi. Huko ndani wanafokeana. Sauti ya Ulan siisikii.

Mama mkwe huyo anaingia. Nimekaza shavu, nangoja kofi. Hata haniangalii. Kafungua gunia la maharage, anachota, anatenga kwenye aproni, matatu, matatu. Anauliza wakaza mwana wa majirani wako wapi. Unaandika nini wewe, anasema, kimbia ukawaite kabla mgeni hajamaliza chai—