Karatasi za Wamisri

Nangwa, Hanang

Baba, shikamoo.

Huku kuna ukungu na baridi, na makande ni matamu, lakini nakuandikia nikiwa na hasira. Jana niliwaonyesha Kidato cha Kwanza picha ya Wamisri wa kale wakivuna ngano, nikamwambia kila mmoja aandike swali lake. Paskalina, binti ambaye hajanyoosha mkono tangu nifike, alisimama akasoma: "Kama ngano yote inaingia ghala la mfalme, hawa wanaovuna wanakula nini?" Darasa zima likaanza kubishana.

Mwalimu wa taaluma akaingia, akaona karatasi zimeandikwa kwa Kiswahili, akazichana zote. "Mtihani ni wa Kiingereza!"

"Mwalimu, ungesoma hata moja," nilimwambia mbele ya wanafunzi.

Leo mkuu wa shule ametaka nimwombe radhi mwalimu huyo, la sivyo mazoezi yangu ya kufundisha yataishia hapa. Nimekataa. Nilipotoka ofisini nilimkuta Paskalina mlangoni na daftari. "Mwalimu, nimeongeza maswali mengine matatu."

Huenda nikarudi nyumbani mapema. Mwambie Mama asihuzunike, nawapenda mno.

Mwanao,
Neema