Uso wa Nyumba ya Bibi Karchung

Kijiji cha Ghyamtang, Lo
Tarehe 9, mwezi wa Falgun

Kwako Dada Dilsara,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa, kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa wake. Mgongo wako unaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Na yule nyati mwenye pembe moja, alizaa? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu barua yako niliipata kabla ya theluji, na tangu hapo hakuna aliyepanda wala kushuka njia hii mpaka juzi. Mimi ni mzima. Vidole viwili vya mguu wa kushoto viligeuka rangi lakini vimeanza kurudi. Nimekonda, nimekolea moshi, na tukikutana njiani utanipisha ukidhani ni mchoma makaa. Lakini nakuandikia nikicheka peke yangu.

Uliniuliza kwa nini mwaka huu pia siji nyumbani. Nitakujibu. Acha kwanza nikupe habari ya kuni, maana jibu limo humo humo.

Unajua kwamba kwa miaka minne nimekuwa nikipanda huku kufyatua matofali, na baridi ikianza nashuka. Safari hii nilibaki. Bibi Karchung, mjane ninayelala kwake, alihitaji mtu. Mwanawe Nyima alikuwa ameshuka na nyumbu kuuza chumvi na sufu, na mkewe, Dolkar, alikuwa na mimba ya miezi saba. Bibi aliniambia kazi yangu ni moja: kabla theluji haijaja, nikusanye kinyesi kikavu cha mbuzi na ng'ombe huko malishoni, na miiba, mpaka stoo ijae. Huku ndicho kinachochomwa, Dada, kwa kuwa miti hakuna. Mti mmoja wa mpopla una mwenyewe na majirani wanaujua kwa jina.

Basi mimi nikatazama juu. Nyumba za huku zina paa bapa, na kuzunguka ukingo wote wa paa kumepangwa kuni, kavu, zimekatwa sawasawa, zimepanda hadi kifuani. Za Bibi Karchung ndizo nyingi kuliko zote katika nyumba tisa. Nilijua wanaziheshimu, lakini nilidhani ni heshima ya ghala, kwamba ukizidiwa unafungua. Nikajisemea, huyu bibi ana kuni za baridi mbili, ananitesea nini na mavi ya mbuzi? Nikajaza nusu ya stoo, nikaanza kuota jua. Theluji ikaja siku kumi na tisa kabla ya wakati wake, ikafunika malisho yote, na haikuondoka.

Katikati ya mwezi wa Poush stoo ilikuwa imebaki robo. Dolkar akajifungua mtoto wa kike, mdogo kama ngumi mbili, na Bibi akasema moto usizimwe hata kidogo. Tukachoma miiba, kisha hori la ng'ombe, kisha mtambo wa kufumia. Siku nilipoona Bibi anaangalia ngazi ya akiba kwa jicho lile, nikapanda juu ya paa mchana kweupe, nikateremsha magogo matatu.

Dada, nilidhani nyumba inaungua. Bibi alipanda mbio, na miaka yake sabini, akanikamata mkanda. Akapiga kelele kwamba namvua nguo mbele ya watu. Nikageuka, nikaona kila paa lina mtu amesimama. Mzee Angyal wa nyumba ya pili, ambaye yeye na Bibi wanapimana kuni kwa macho kila asubuhi tangu ujana wao, alikuwa ameshika kiuno.

"Haya, Karchung!" akapaza sauti. "Naona kibarua wako anakung'oa meno! Kesho utatafuna nini?"

"Anapangusa vumbi!" Bibi akamjibu. "Kwangu zipo nyingi, lazima zipanguswe. Zako wewe hata vumbi haliziangalii!"

Nikaambiwa nipanguse. Nikayafuta yale magogo kwa mkono wa koti, moja moja, kijiji kizima kikitazama, nikayarudisha. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuni za juu huku haziitwi kuni. Zinaitwa uso wa nyumba. Uso huo umepangwa na babu wa babu, kila ndoa inaongeza safu, na nyumba inayoanza kuugusa imetangaza kwamba imeisha. Hata binti yake hataposwa. Kwa hiyo nyumba tisa zilikuwa zinaganda chini ya utajiri wao wenyewe, kila moja ikisubiri mwenzake aguse kwanza.

Lakini nilipokuwa nayarudisha magogo, niliona jambo lingine. Nyuma ya safu ya mbele hakukuwa na kuni. Kulikuwa na matofali ya udongo, yamepakwa samadi na kuchomekwa vijiti ili yafanane na magogo. Mimi ni mfyatua matofali, Dada. Tofali siwezi kulisahau.

 Jioni ile, tunakunywa chai ya siagi iliyopoa, Bibi mwenyewe ndiye aliyeanza. Aliniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona. Akaniambia kwamba marehemu mumewe aliugua baridi mbili mfululizo, hawezi kugeuka kitandani, na anatetemeka. Basi yeye akawa anapanda paani alfajiri, anachomoa kuni za nyuma, mahali pake anaweka tofali alilofyatua kwa mikono yake. Mumewe kila siku alikuwa akiuliza kama uso wa nyumba umesimama, naye anamjibu umesimama. "Akafa amepata joto, na hakujua limetoka wapi," akasema. Kisha akaniambia kwamba nikimwambia mtu, atanisukuma kutoka juu ya paa hilo hilo. Dolkar alikuwa amelala na mtoto kifuani. Sidhani kama alisikia.

Tulikuwa na moto wa siku nne. Njia isingefunguka kabla ya mwezi mzima kupita. Asubuhi iliyofuata midomo ya mtoto ilikuwa ya buluu, na nilipotoka nje nikahesabu moshi wa kijiji: nyumba tisa, zenye moshi tano. Kwa Mzee Angyal hakukuwa na moshi.

Nikakumbuka nyumbani, Dada. Unakumbuka tulivyokuwa tukipukuchua mahindi? Kijiji kizima kwa Baba mdogo, moto mmoja, na watoto wanalala juu ya magunia. Mama alikuwa akisema moto mmoja mkubwa unakula kidogo kuliko vimoto kumi vyenye njaa. Nikamwambia Bibi awaite wote jikoni kwake, kwa kuwa jiko lake ndilo kubwa, na kila nyumba ilete kuni za paa. Akaniuliza kama nimelewa. Akasema kila mtu akipunguza uso wake, wa kwake utabaki udongo mtupu mbele ya Angyal. Nikamwambia kuna njia. Nyumba zote zipungue siku moja, kwa kipimo kimoja, dhiraa moja, ili asiwepo aliyekuwa juu wala chini ya mwenzake. Na juu ya paa la mtu asipande mwenye nyumba wala jirani. Apande mtu asiye na paa.  Bibi akasema, "Na asiye na paa ni nani hapa?" Nikasema ni mimi.

Bibi akakubali. Iliyobaki ilikuwa kumpata Mzee Angyal, maana akikubali yeye, wengine watafuata. Kumwomba kungeharibu. Nikaenda mlangoni kwake, nikamkuta amejifunga mablanketi matatu na kamba juu yake. Nikamwambia kwa upole kwamba Bibi Karchung anawaalika watu wote kwake, ila amesema Mzee Angyal asisumbuliwe, kwa sababu hana cha kubeba na itakuwa aibu aje mikono mitupu.

Uso wake ulipata joto papo hapo bila moto.

"Mimi? Mimi sina cha kubeba? Huyo kikongwe amesema hivyo?"

Nikasema labda nilisikia vibaya.

"Hukusikia vibaya! Namjua tangu ana meno! Lete kamba yako. Pima dhiraa. Pima dhiraa na nusu!"

Nikasema ni dhiraa moja kwa wote. Akatukana, akakubali, na kabla jua halijafika katikati nyumba saba nyingine zilikuwa zimekubali, kila moja ikiapa kwamba haina shida yoyote, inakwenda tu ili isiwaaibishe wenzake.

Siku mbili nilipanda na kushuka. Hakuna aliyenisaidia, ndivyo ilivyokuwa sharti. Na sasa, Dada, nakuambia jambo ambalo sitamwambia mtu mwingine. Nilipopanda kwa Mzee Angyal, alinifuata mpaka chini ya ngazi, akanipigia kelele nisisogee sana upande wa nyuma, paa ni bovu, nitaanguka. Nikasogea. Nikakuta matofali. Yamefyatuliwa vibaya sana, yamepinda, ni kazi ya mwanamume aliyejificha. Nikayalaza ya juu nyuma ya safu iliyobaki yasionekane, nikashuka na kuni za mbele tu, nikamwambia paa kweli ni bovu, sikufika nyuma. Alinishika bega. Nilipomaliza paa la tisa nilikuwa nimejua. Kati ya nyuso tisa, tano zilikuwa uso tu.

Hata hivyo kuni zilizopatikana, zikiwekwa pamoja mlangoni kwa Bibi, zilikuwa nyingi, na hakuna aliyeweza kusema gogo hili la nani. Yale matofali ya Bibi niliyateremsha ndani ya kikapu, nimeyafunika gunia, nikayapanga kuzunguka jiko. Yakashika joto kuliko jiwe. Tulikuwa tukiyafunga kwa sufu na kumzungushia mtoto, yakipoa tunabadilisha. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa myekundu. Mzee Angyal akamuuliza Bibi amepata wapi matofali mazuri namna hii. Bibi akamjibu kwamba nyumba yenye akiba haikosi kitu. Mzee akainamisha kichwa, akanywa chai.

Tuliishi watu arobaini na wawili katika jiko moja na stoo mbili, mbuzi kwenye zizi la chini yetu, siku thelathini na moja. Usiniulize harufu. Waligombana kuhusu chumvi, kuhusu anayekoroma, kuhusu mbuzi wa nani amekula kofia ya nani. Mzee Angyal na Bibi walikaa pande mbili za moto kama watawala wawili, na kila gogo likitiwa, kila mmoja alidai ni la kwake kwa namna linavyowaka. Shayiri ikapikwa sufuria moja. Hakufa mtu, Dada. Hakufa hata mmoja, wala mzee, wala mtoto. Katika vijiji vya jirani sijui. Hapa hakufa mtu.

Juzi tukasikia kengele za nyumbu. Nyima na wenzake walipofika juu ya kilima waliona nyumba nane hazina moshi kabisa na nyumba moja inatoa moshi kama tanuri. Walidhani kijiji kimekufa na nyumba yake inaungua. Nyima akaacha nyumbu na mizigo, akateremka theluji kwa makalio, akaingia jikoni na ndoo ya maji na kutumwagia watu wote. Kicheko kile nadhani mlikisikia huko. Dolkar alikuwa akimpiga kofi huku akimkabidhi mtoto. Mzee Angyal, amelowa, akasimama akacheza, na kila aliyekuwa na pumzi akacheza, na mimi nikacheza kwa vidole vyangu vinane vizima.

Sasa jibu lako. Ile picha niliyokutumia, nimesimama mbele ya nyumba yenye kuni nyingi, nikakuandikia ni nyumba ninayopewa kama msimamizi, ni hii ya Bibi Karchung. Mimi si msimamizi. Sina watu kumi na mmoja chini yangu, wala sijawahi kuwa na mmoja. Nakanyaga udongo, nafyatua, nabeba. Baridi zile tatu nilizokuandikia kwamba kazi imenizuia, nilikuwa chini sokoni naosha vyombo katika mkahawa, siku mbili tu kutoka kwenu, kwa sababu nilijua umeshawaambia watu wote, na niliogopa kuja na nguo hizi. Kila barua niliongeza gogo moja mbele. Nyuma yake palikuwa na udongo.

Nilikuambia nyuso tano kati ya tisa zilikuwa uso tu. Ya sita ni mimi, Dada.

Lakini nimeona udongo ule ukifanya kazi ambayo kuni hazikuiweza, na siuonei haya tena. Nimekuwa mtu pekee katika bonde hili ambaye nyumba tisa zimemruhusu juu ya paa zao. Mtoto wamemwita Dilmaya, kwa kuwa Bibi aliniuliza jina la mtu aliyenilea, nikataja lako, akasema la kwako ni gumu kwa ulimi wa huku, akalipunguza dhiraa moja, akajazia tofali la kwake.

Nitaondoka na nyumbu wa mwezi wa Chait. Nitafika na koti hilo hilo lililofuta magogo. Ukitaka kuwaambia watu kabla, waambie. Ukiona haya, niachie mimi, nitawaambia mwenyewe mlangoni. Nisalimie Mama, mwambie maneno yake kuhusu moto yameokoa watu arobaini na wawili, atajifanya hakumbuki. Msalimie shemeji, na watoto, na yule nyati. Bibi Karchung anakusalimu pia na anauliza kama kwenu mna kuni. Nimemwambia tunazo, na ni za kuchoma.

Mdogo wako anayekuja,
Tekman Gharti
mfyatua matofali