Mi Nitauliza Tu, Papa

Papa,

Udongo wa kaburi lako haujakauka, na tayari bantu banataka niache masomo. Nakuambia mi mwenyewe, usije ukasikia kwa wengine: siachi.

Unajua namna ilianza. Chuo kilinipokea kusoma masta ya usalama wa kimataifa kwenye mtandao, nikachagua memuare yangu, ile kazi ya kumalizia masomo, iwe juu yetu sisi: vita ikiingia kijijini na serikali imekimbia, nani analinda bantu? Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba hapa Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi. Mlitoka wapi? Nani aliwapokea njiani? Hapo njo nilikosea. Hapa kambini jirani anaazima chumvi yako miaka na miaka bila kujua ulimkimbia nani, juu yule uliyemkimbia anaweza kuwa ndugu yake. Tunaulizana habari ya batoto, ya kazi, ya kanisa. Ya kule tulikotoka hatuulizi. Mi nikauliza, tena na kalamu mkononi.

Bakasema mi mpelelezi. Mama Riziki, jirani yetu wa siku zote, akaja kuchukua kitambaa chake cha kikwembe kwenye mashine yako ya kushona, hata hakijakatwa, akasema ameghairi. We ulikuwa mkekani na ugonjwa wako. Ukaniita: "Sifa, mambo ya kule tuliyaacha kule." Nilikasirika, Papa. Hata leo nina hasira. Kila nilipokuuliza we, uliuma uzi ukaendelea kushona.

Kwenye matanga yako balikuja bachache, bakanywa chai, bakaenda. Baba mdogo alikuja kutoka Nsungwi, mjini, akaniambia mbele ya bazee ba kanisa: ama masomo ama bantu, nichague, msichana hawezi kuishi peke yake kama mchawi. Nikamwambia zikomo, asante ya huku, nikamwongezea ugali wa nsima.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nikasimama. Balidhani nitashukuru kwa ajili ya mazishi. Nikasema: "Mi si mpelelezi. Baliotufukuza banaandikwa vitabuni, majina na silaha zao. Baliotuficha hakuna anayebaandika. Mwenye kuogopa swali langu asijibu, lakini mi nitauliza tu." Pasta alikohoa, akaita kwaya. Nilirudi nyumbani peke yangu.

Lakini sikuacha. Siku moja nilikwenda sokoni Tsoka kununua uzi, mwimbaji wa kwaya akaniona, akavuka barabara kunikwepa. Nikamsalimia kwa sauti, nikataja jina lake lote mbele ya soko. Aone haya yeye, mi sina haya ya kuona.

Juzi Mama Riziki akaingia bila hodi, kikwembe kwapani. Akaketi, akaniambia nichukue kalamu.

"Andika. Mi na batoto tulijificha kwa fundi wa nguo, chini ya vitambaa. Benye silaha balikuja kumuuliza tuko wapi. Balimpiga, akanyamaza. Balipoondoka, alitupatia chakula akatuonyesha njia ya ziwa."

Nikamuuliza fundi gani.

"Baba yako. Alituapisha tusiseme, juu ndugu za bale bapigaji bako hapa hapa kambini. Sasa amelala, kwako sifichi."

Papa! Na lile sikio lako la kushoto lisilosikia, ulilosema liliharibiwa na dawa ya kwinini? Nililia, nikakukasirikia upya, nikalia tena. Mama Riziki hakuninyamazisha. Alinyoosha kikwembe chake mezani akaniambia nimshonee blauzi ya mikono mifupi.

Kwa hiyo memuare yangu inaanza na we. Jina lako sikuliandika, nimeandika "fundi mmoja", juu kiapo chako nakiheshimu hata kama kinaniuma. Baba mdogo nimemjibu kwamba nimechagua vyote viwili, masomo na bantu. Amenuna. Atanuna, atapoa, ni ndugu yako huyo.

Lala, Papa, umechoka. Nakuahidi nitamaliza. Balimu banatuuliza kila juma usalama ni nini, na benzangu banajibu mipaka, majeshi, mikataba. Mi sasa nina jibu langu. Usalama ni siku ile nitasimama kanisani, ndugu za bale bapigaji bakiwa bameketi palepale, nikutaje jina lako lote kwa sauti, halafu nirudi nyumbani na kulala bila hofu. Siku hiyo nitaitafuta mpaka niipate.

Binti yako,
Sifa