Kitunga Nilichokibeba Hadi Mpofi

Mpendwa Furaha,

Siku ile tulipokuzika huko Mpofi, baba yako mdogo, Papa Zakaria, alinishika mkono mbele ya watu akanionyesha viti vya nyuma. "Bageni bakae kule," alisema. Nilikuwa nimeshuka kwa miguu kutoka kwetu Muheto, matope yamenifika magotini, na macho yangu yalikuwa yamevimba kwa kulia. Sikumjibu. Nilipita katikati ya watu nikaketi kwenye mkeka, karibu na kichwa chako, pale ambapo mama yako angeketi kama angalikuwa hai. Nilikaa pale mpaka wimbo wa mwisho. Leo nakuandikia wewe lile jibu ambalo sikumpa yeye, maana wewe ndiye uliyenifundisha kutonyamaza.

Eti mimi mgeni. Mashamba ya mama zetu yalipakana, na maharagwe ya kwetu yalikuwa yakitambaa hata yakapanda vijiti vya kwenu, na hakuna aliyeyakata. Kwenu mlisema Kihunde, kwetu Kinyarwanda, na sisi wawili tulisema kile kilichokuja kwanza mdomoni. Tukigombana tulihamia Kiswahili, kwa sababu matusi ya Kiswahili hayakuwachoma mama zetu sana. Ulikuwa mchokozi, Furaha. Ulikula viazi vyangu kwenye katekisimu halafu ukaniambia mbele ya katekista kwamba mtu anayeomba kwa moyo haoni njaa.

Unakumbuka tuliahidiana wapi? Pale kijitoni, tukilowesha mihogo, tukiwa bado tunaogopa wanaume wote isipokuwa baba zetu. Siku hiyo walikuwa wamepita watu wa arusi, na mbele ya bibi arusi msichana aliyebeba kitunga. Desturi hiyo ya mlima wetu niliipenda kuliko nguo na nyimbo zote. Msichana akiolewa mbali, mama yake hujaza kitunga mbegu za maharagwe ya shamba lake mwenyewe. Rafiki wa bibi arusi hukibeba mgongoni, kamba ya ngoji ikimpita kwenye paji la uso, mpaka mlangoni kwa bwana arusi. Kikishainuliwa hakigusi tena chini. Kikitua njiani, watu husema nyumba ile itaona njaa. Mama mkwe ndiye anayekipokea kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya kizingiti. Na yule aliyekibeba, kuanzia siku hiyo, ana mlango wake katika nyumba ile. Mbegu zikiisha ndiye anayeleta nyingine. Akifika haulizwi amefuata nini.

"Miye njo nitabeba yako," nilikuambia.

"Na yako nitaibeba miye," ukasema. "Lakini weye utaolewa karibu, maana iko muvivu wa kutembea."

Halafu ikaja ile miaka mibaya baada ya uhuru, ambayo sitaki kuisimulia yote. Wewe uliiona, na wasioiona hawataelewa. Nitasema tu kwamba watu waliosali kanisa moja waliacha kusalimiana, na njia kati ya nyumba yenu na yetu ikaota majani. Baba zetu walituambia tukae. Mimi nilikaa, wewe hukukaa. Ulitoka na panga saa ambayo kila mtu alikuwa shambani akiona, ukaanza kufyeka. Mtu akakuuliza kwa hasira unafanya nini. "Niko nafyeka njia yangu," ukamjibu, ukaendelea. Mama yangu alikuwa akichungulia mlangoni, akalia, na jioni akakupikia sombe, yale majani ya mihogo uliyoyapenda.

Nilipokwenda Kampala kujifunza ukunga, ulinisindikiza mpaka barabara kubwa. Miezi ilipita. Kisha dereva mmoja wa lori, mtu wa Rutshuru, akaja kuniulizia pale hospitali, akasimama uani na kofia mkononi. "Furaha ya Muheto iko naolewa ku Mpofi," alisema. "Alisema ukumbuke kitunga. Hakusema kingine."

Hukuhitaji kusema kingine. Nilikwenda kuomba ruhusa kwa mkuu wa wakunga. Alikataa: mitihani ilikuwa karibu, na arusi ya rafiki, kwake, haikuwa jambo la kumtoa mwanafunzi darasani. Kama angekuwa dada yangu wa tumbo moja, alisema, angefikiria. Nikamwambia ni dada yangu. Akauliza, wa baba yule yule? Nikamwambia hapana. Basi akafunga mlango, nami nikafunga sanduku langu. Wapo walioniambia baadaye kwamba nilitupa masomo yangu kwa ajili ya kikapu cha maharagwe. Ni kweli kabisa, na ningeyatupa tena kesho asubuhi.

Njia ile unaijua kwa kusimuliwa, ulikuwa ukinisimulisha kila mara. Basi mpaka Kisoro, kisha mpaka wa Bunagana, ambapo askari alipekua sanduku langu akaniuliza nakuja kufanya nini Kongo wakati wenye akili wanatoka. "Nakuja beba kitunga," nikamwambia. Alicheka mpaka akasahau kulifunga. Goma, shangazi yangu alinishika nguo nisipande Masisi, eti watu wa kule bado wana vinyongo. Nikamwambia hata mimi ninacho changu, nakipeleka nyumbani. Kutoka Sake nilipanda lori la chumvi na sabuni, nikakaa juu ya magunia, nikaiona milima yetu inakuja na mvua yake, nikalia kwa furaha bila kumficha mtu.

Siku ya kukutoa, uwanja wenu ulijaa. Ulikuwa umevaa kitenge cha mama yako, umenuna. Niligundua kwa nini nilipomwona Rozi, binti wa Papa Zakaria, amefungwa kitambaa kichwani tayari kwa ngoji. Papa Zakaria alikuwa amesimama mbele ya wazee akihutubia. Hakunitaja jina.

"Kitunga si muzigo tu," alisema. "Ni mulango. Tukipatia bale bantu mulango mu nyumba ya mutoto wetu, kesho batasema nyumba yote ni yabo. Rozi atabeba."

Wazee walikuna ndevu. Hakuna aliyepinga. Mama yako, Mama Elisabeti, alikuwa amepiga magoti anamalizia kufunga majani ya ndizi juu ya mbegu. Akanyanyua macho, akaniangalia mimi, si Rozi. Kisha akakisukuma kitunga kidogo, upande wangu, kama anayekitengeneza tu kikae vizuri. Nami nikachuchumaa, nikaingiza kichwa kwenye ngoji, nikasimama nacho.

Papa Zakaria alifungua mdomo, na hapo akaona alipokwama. Kitunga kilikuwa kimeinuka. Kuniambia nikitue ni kuita njaa katika nyumba ya mtoto wa ndugu yake, mbele ya wakwe zake. Na kumpa Rozi haikuwezekana, kwani kinapokelewa na mama mkwe peke yake. Alibaki amesimama katikati ya njia. Wewe ulianza kucheka, ukaziba mdomo na kitenge, ukashindwa. "Papa mudogo," ulisema, "tuachie njia, muzigo iko nzito."

Alituachia. Rozi mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na hilo nalikumbuka kwa heshima.

Sasa nikubali kwamba kilinitesa. Shingo yangu ilikuwa imezoea kofia ya hospitali. Nilivaa viatu vya Kampala kwa sababu ya kiburi, na kabla hatujaimaliza miteremko ya kwanza nilivivua, ukavibeba wewe, bibi arusi, mkono mmoja maua na mkono mmoja viatu vyangu. Wengine wakipumzika kwa kuketi, mimi nilipumzika kwa kuegemea ukingo wa barabara nikiwa nimesimama. Tulipolala njiani, kitunga kilining'inizwa kwenye boriti, nawe ukalala chini yake ukisema unakilinda dhidi ya baba zako wote. Milima iliisha, msitu ukaanza, hewa ikawa nzito, migomba ikawa mirefu. Ulinishika kiwiko kila palipoteleza. Ulikuwa unaogopa kuolewa, ukaniambia, lakini unaogopa zaidi nianguke.

Sikuanguka. Mlangoni Mpofi, Mama Sabina, mama mkwe wako, alitoka akaniangalia kutoka kwenye miguu iliyopasuka mpaka usoni. Bila shaka habari za ubishi zilikuwa zimemfikia. "Weye ni mutoto wa nani?" aliuliza. Nikamwambia jina la baba yangu, jina lote, lile linaloonyesha nimetoka wapi. Akanyoosha mikono akakipokea kitunga, akakipeleka ndani, kisha akarudi kunishika mkono. "Ingia," alisema. "Iko mulango yako."

Na uliuheshimu, Furaha, wewe na nyumba yako. Nilipopata kazi ya ukunga kwenye dispensari ya Muheto, maana hata masomo yasiyokamilika yanafaa mahali pasipo na mkunga, nilishuka kwenu kila msimu na mbegu za mama yako. Mama yako alipofariki, niliendelea kulima kipande chake ili zisipotee. Elisa wako alizaliwa mikononi mwangu. Alipoanza kusema aliniita Mama Kitunga. Kisha ile homa ya msituni ikakuchukua kwa haraka, nami nilifika kukuta wameshakuosha. Nina hasira na Mungu kwa hilo. Katekista ameniambia nisiseme hivyo, nami nimemwambia Mungu ananijua.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Baada ya mazishi, Papa Zakaria alimwambia mume wako Yohana, mimi nikisikia: "Furaha alikufa, na ule mulango ulikufa naye. Asirudie hapa, na mutoto asimuzoee." Yohana alitazama viatu vyake. Simchukii, ni mtu mpole, na upole wake ulikufaa ulipokuwa hai. Lakini alitikisa kichwa kukubali. Mama Sabina hakuwapo, alikuwa jikoni na wapishi, nami mpaka leo sijui kama ameambiwa, wala kama angekubali. Wameamua kwamba Elisa atakua bila mimi.

Na mwaka huu mvua imeozesha maharagwe ya Mpofi. Wanawake wanaopanda kuja sokoni wamesema kwako hakuna hata mbegu ya kuanzia. Wamesema pia kwamba Papa Zakaria yuko huko, anakaa kwenye kiti cha barazani, anaangalia barabara.

Basi aiangalie vizuri. Nimeshapepeta mbegu za shamba la mama yako, zile zenye madoa, na kitunga ni kile kile, nimekishona upya sehemu ya chini. Viatu naviacha nyumbani. Kesho asubuhi nitaingiza kichwa kwenye ngoji hapa hapa uwanjani kwenu, na nitashuka. Kama watanifungia mlango sitabisha hodi kwa fujo, wala sitalia, wala sitarudi. Nitasimama mbele ya kizingiti na mzigo wako mgongoni, mchana kweupe, majirani wote wakiona, na Elisa akiniita kutoka ndani. Sitakitua. Wao wenyewe wanajua kikigusa chini hapo mlangoni maana yake nini. Mtu mmoja katika nyumba ile itambidi anyooshe mikono.

Lala, dada yangu. Njia yetu nimeifyeka jana.

Mbeba kitunga wako,
Perusi